Jinsi ya Kuandaa Onyesho la Filamu Rafiki kwa Watu Wenye Usonji na Familia Zao

Familia nyingi zenye mtoto au mtu mzima mwenye usonji (kwa Kiingereza autism) huacha kwenda sinema hata kama zinapenda filamu, kwa kuwa ukumbi wa kawaida hukusanya mahali pamoja mambo yanayomwelemea mtu wao: giza la ghafla, sauti inayotikisa viti, na kanuni isiyoandikwa popote kwamba kila mtu akae kimya bila kujongea kwa muda wa saa mbili. Onyesho rafiki ni filamu ileile katika ukumbi uleule, ila mambo hayo yamelegezwa kwa makusudi na wageni wameelezwa mapema yamelegezwa kiasi gani. Hilo la kueleza mapema ndilo ambalo waandaaji wengi hulipuuza, na mwongozo huu unalishikilia kuliko mengine yote, maana mtu mwenye usonji anaweza kuvumilia mengi aliyoyatarajia kisha akashindwa na jambo dogo lililomjia bila taarifa.

Utaratibu wenyewe si mgeni. Nchini Marekani, kampuni ya sinema ya AMC iliuanza mwaka 2007 ikishirikiana na Autism Society, shirika la kutetea watu wenye usonji, baada ya ombi la mzazi wa jimbo la Maryland. Nchini Uingereza, shirika la Dimensions lilianza mwaka 2011 pamoja na kumbi za Odeon, na kampuni nyingine kubwa zikafuata. Kwa upande wa utabibu, toleo la tano la mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5, lililotoka mwaka 2013, liliingiza rasmi tofauti za hisi miongoni mwa vigezo vya usonji, na likataja pande zote mbili: wapo wanaoumizwa na sauti, mwanga au mguso ambao wengine hawaujali, na wapo ambao hisi zao huhitaji kuchochewa zaidi, wanaofurahia mtikisiko wa besi na kuusogelea. Mwandaaji akilikumbuka hilo hatadhani kuwa ukumbi uliozimwa kabisa sauti na rangi ndio ukumbi bora.

Uchaguzi wa filamu

Wengi hudhani kuwa katuni yoyote inafaa, ilhali katuni nyingi za siku hizi zina milipuko, mifukuzano na muziki mzito kuliko filamu nyingi za watu wazima. Mtu mmoja miongoni mwa waandaaji na aitazame filamu nzima kabla haijatangazwa, akiwa na saa na kalamu, aandike dakika ambayo kila jambo zito linatokea: mlio wa ghafla, mwanga unaowaka na kuzima, mzazi kufa, mtoto kupotea, mbwa kubweka, mtoto mchanga kulia. Hayo mawili ya mwisho husahaulika mara nyingi, ingawa wapo watu ambao kilio cha mtoto huwachoma masikioni kuliko mlio wa bunduki.

Mwanga unaowaka na kuzima kwa kasi unahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa kifafa huonekana zaidi miongoni mwa watu wenye usonji kuliko katika jamii kwa jumla. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti huweka ukomo wa mimweko 3 kwa sekunde, na kipimo hicho kinafaa kutumiwa hapa pia: filamu yenye tukio linalozidi hapo iachwe, au ikibidi kuonyeshwa, itangazwe waziwazi pamoja na dakika ya tukio hilo. Toleo la 3D nalo halifai, maana miwani peke yake ni mguso usoni ambao baadhi ya watu hawawezi kuustahimili, achilia mbali vitu vinavyoonekana kumrukia mtazamaji.

Kuhusu urefu, filamu ya dakika 90 hivi ni rahisi zaidi kuliko ya saa mbili na nusu, lakini filamu ndefu inayopendwa ni bora kuliko fupi isiyotakiwa na mtu. Usiikatishe kwa mapumziko ambayo hayakutangazwa. Pia usichague filamu za watoto tu mwezi baada ya mwezi. Watoto wenye usonji hukua, na mtu wa miaka 30 aliyechoka kuonyeshwa wanyama wanaozungumza ana haki ya kutazama filamu ya upelelezi katika mazingira yaleyale.

Ikiwa onyesho litafanyika katika shule, maktaba au ukumbi wa jamii, kumbuka kuwa kuonyesha filamu mbele ya umma huhitaji kibali cha mwenye haki miliki, hata kama kiingilio ni bure. Kununua nakala au kulipia huduma ya filamu nyumbani hakukupi ruhusa hiyo.

Sauti

Ni kawaida kusoma katika matangazo kwamba sauti itapunguzwa, bila mtu yeyote kuuliza ipunguzwe hadi wapi. Prosesa za sauti, yaani mitambo inayodhibiti sauti ya filamu, zilizoenea katika kumbi za sinema huwa na kipimo cha 0 hadi 10, na 7 ndiyo alama ya marejeo, yaani kiwango ambacho watengenezaji wa filamu walikitumia walipokuwa wakichanganya sauti zake. Katika alama hiyo, kila spika iliyo nyuma ya skrini inaweza kufikia desibeli 105 pale sauti inapopanda hadi kileleni. Kati ya 7 na 4, kila hatua moja hushusha desibeli 3.3 hivi, kwa hiyo ukiteremsha kutoka 7 hadi 4 umepunguza desibeli 10, punguzo ambalo masikio ya watu wengi hulisikia kama nusu ya ukubwa wa sauti. Chini ya 4, kipimo hubadilika na kuanza kuporomoka kwa kasi, kiasi kwamba anayegusa 3 akidhani ni hatua moja tu zaidi atajikuta amefuta mazungumzo yote. Ziko kumbi ambazo tayari huendesha chini ya 7 kila siku, kwa hiyo muulize mwendesha mitambo anatumia alama gani kwa kawaida, kisha mkubaliane alama ya siku hiyo na muiandike.

Kupunguza sauti yote kwa pamoja hakutoshi, kwa kuwa kinachosumbua zaidi mara nyingi ni tofauti kati ya mnong'ono na mlipuko, na tofauti hiyo hubaki palepale. Mnachoweza kufanya ni kuteremsha spika ya besi peke yake kidogo zaidi, ili viti na sakafu visitikisike, na kuacha spika ya katikati, inayobeba mazungumzo, isikike vizuri. Kisha aliyeitazama filamu aketi katika kiti kibaya kuliko vyote, kwa kawaida safu ya nyuma pembeni karibu na spika ya ukutani, na asikilize lile tukio lenye kelele kubwa kuliko yote katika orodha yake. Ikiwezekana, mtu mwenye usonji aalikwe katika jaribio hili na alipwe kama mshauri yeyote anavyolipwa. Atasikia kitu ambacho ninyi wengine mmekizoea, kama mlio wa feni ya projekta au mngurumo wa kipoza hewa.

Kelele nyingine haitoki kwenye filamu. Vikaushio vya mikono vinavyojiwasha vyenyewe chooni ni miongoni mwa vitu vinavyoharibu safari nyingi, kwa sababu hupiga kelele bila onyo karibu kabisa na kichwa cha mtoto. Vizimeni kwenye swichi na muweke taulo za karatasi. Zimeni na muziki wa ukumbi wa mapokezi, na kama ukumbi wa jirani unaonyesha filamu ya vita saa ileile, badilisheni mojawapo.

Taa

Taa zififishwe bila kuzimwa. Kipimo kizuri ni mtu aweze kuona ngazi, mlango na uso wa aliyeketi naye, huku picha kwenye skrini ikiwa bado na weusi wake. Ili kulifikia hilo, zimeni taa zilizo karibu na skrini na muache za nyuma na za pembeni. Angalieni pia aina ya taa. Taa za mirija za zamani humemeteka mara 100 au 120 kwa sekunde kufuatana na umeme wa nchi, na baadhi ya watu huuona mmemeteko huo au kusikia mlio wake, hata kama wengine wote wanaapa kuwa taa imetulia. Taa za LED zinazofifishwa kwa kifaa hafifu huwa na tatizo lilelile. Elekeza kamera ya simu kwenye taa; ukiona mistari inayotembea juu ya picha, jua kuwa inamemeteka, na utafute taa nyingine.

Hapa kuna mtego ambao huwanasa hata wenye nia njema. Katika kumbi za kidijitali, filamu huchezwa kutoka kwenye seva kwa orodha iliyopangwa: matangazo, vionjo vya filamu zijazo, kisha filamu yenyewe. Ndani ya orodha hiyo mna amri za kiotomatiki zinazozima taa na wakati mwingine kubadilisha sauti. Mwendesha mitambo akififisha taa kwa mkono lakini akaiacha orodha ya kawaida ikiendelea, taa zitazimika zenyewe filamu inapoanza, mbele ya watu walioahidiwa kuwa hazitazimika. Atengeneze orodha mpya kwa ajili ya onyesho hili, isiyo na matangazo wala vionjo na isiyo na amri za taa, na aijaribu kabla ya siku yenyewe.

Maelezo ya mapema

Bango lenye maneno "rafiki kwa usonji" na picha ya puto halimsaidii mzazi kuamua. Andika ukurasa mmoja wa maneno mepesi, uambatane na picha halisi za mahali: mlango wa nje, kaunta ya tiketi, njia ya kuelekea ukumbini, ukumbi ukiwa na mwanga utakaotumika siku hiyo, choo, na chumba cha utulivu. Picha zipigwe kwa urefu wa macho ya mtu anayetembea, kwa mfuatano ambao mgeni atakutana navyo. Hadithi za kijamii, njia iliyobuniwa na mwalimu Carol Gray wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, hufuata mtindo huo: hueleza kinachotokea kwa utulivu na kwa ukweli, bila kumwamrisha mtu awe na tabia fulani. Maneno yanaweza kuwa hivi:

"Filamu inaanza saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Hakuna matangazo kabla yake. Taa zitafifia lakini hazitazimwa. Sauti itakuwa ndogo kuliko kawaida, ila katika dakika ya 41 kuna radi. Ninaweza kukaa, kusimama, kutembea au kuimba. Ninaweza kutoka wakati wowote na kurudi."

Sentensi ya kwanza katika maneno hayo ina uzito kuliko inavyoonekana. Familia zilizozoea sinema hujua kuwa kuna robo saa ya matangazo, zikapanga kuchelewa ili mtoto asingoje. Pasipo taarifa, zitaingia filamu ikiwa imekwenda mbali. Maelezo mengine ya lazima ni haya: kama maandishi ya mazungumzo yatakuwepo chini ya skrini, kwa kuwa huwasaidia baadhi na kuwavuruga wengine, kama chakula cha kutoka nyumbani kinaruhusiwa, na kinafaa kiruhusiwe, kwa kuwa wapo wanaokula vyakula vichache tu, kama kuna tukio baada ya majina ya wahusika kupita, na nani wa kumuuliza. Jambo likibadilika, hata kama ni mlango wa kuingilia tu, litangazwe kupitia njia ileile iliyotumika mwanzo.

Mlangoni na ndani ya ukumbi

Uza nusu ya viti, au chini ya hapo, ili kila familia iwe na nafasi tupu pembeni na mtu aweze kuhama kiti bila kuomba radhi. Onyesho la kwanza la siku hufaa zaidi kwa sababu ukumbi bado ni mtulivu, hauna harufu ya bisi na manukato ya watu waliotangulia, na foleni ni fupi. Tiketi zipatikane mapema ili foleni yenyewe iepukwe.

Mtu asidaiwe cheti wala uthibitisho wa usonji. Wengi hawajapata utambuzi, wengine wana hali nyingine zinazofanana na usonji kwa upande wa hisi, na anayekuja bila sababu yoyote hana anachowapunguzia wengine maadamu anakubali kanuni za siku hiyo. Mhudumu amsemeshe mgeni mwenyewe kwanza, kisha aliyefuatana naye, na ampe muda wa kujibu. Ukimya wa sekunde kumi haumaanishi kuwa hajasikia. Mtu mzima anayekuja peke yake asiulizwe yuko na nani. Hili halihitaji mafunzo ya siku tatu, linahitaji kikao kifupi kabla ya milango kufunguliwa, na kila mhudumu wa zamu awepo, akiwemo mlinzi.

Kabla ya filamu, mtu mmoja asimame mbele na aseme bila kipaza sauti, kwa sentensi tatu au nne, kwamba katika onyesho hili watu watatembea, watapunga mikono, watarudia maneno ya filamu na watacheka pasipo wengine kucheka, na kwamba hakuna atakayenyamazishwa. Maneno haya huwasaidia wazazi kuliko mtu mwingine yeyote. Mzazi aliyezoea kugeukiwa na macho ya ukumbi mzima hutumia filamu yote kumtuliza mtoto ambaye hakumsumbua mtu, na kibali cha wazi humwondolea kazi hiyo.

Mhudumu mmoja akae karibu na mlango wa ukumbi na mwingine karibu na mlango wa nje, kwa kuwa baadhi ya watoto hukimbia ghafla wanapoelemewa. Kazi yao ni kujua nani ametoka na ameelekea wapi. Milango ya dharura ibaki inafunguka kama sheria za usalama zinavyotaka. Msije mkaifunga kwa kisingizio cha kuwalinda watoto.

Chumba cha utulivu kiwe karibu, kiwe na mwanga hafifu, viti viwili vitatu na ukimya, na kisiwe stoo iliyosafishwa asubuhi hiyo kwa dawa kali. Mifuko ya vitu vya kushika na kuminyaminya ni nyongeza nzuri ikiwa fedha ipo, lakini nimeona matangazo yanayojivunia mifuko hiyo na kutotaja sauti wala taa, jambo ambalo ni kupamba mlango wa nyumba isiyo na paa.

Mtu akizidiwa kabisa, akalia, akapiga kelele, akajitupa chini au kinyume chake akanyamaza na kuganda, mjue kuwa hilo si utundu wala hasira ya kutaka kitu, na kumkaripia kutalirefusha. Mtu mmoja tu azungumze, tena kwa maneno machache: "Uko salama. Tunaweza kutoka." Wengine wasogee mbali. Asiguswe bila idhini yake au ya anayemfahamu, asizungukwe, asipigwe picha. Muulizeni aliyefuatana naye nini husaidia, kisha mfanye hicho na msiongeze ushauri wenu. Filamu iendelee, kwa kuwa kuisimamisha na kuwasha taa zote humgeuza kuwa tamasha na huwavuruga wengine ishirini.

Kwa familia zinazokwenda

Mwandaaji akiwa amefanya kazi yake, familia inabakiwa na maandalizi machache. Mtazame pamoja picha za ukumbi kwa siku kadhaa, na kionjo cha filamu kwa sauti ndogo nyumbani ikiwa mtu wenu anapenda kujua hadithi kabla. Wapo wanaofurahia zaidi filamu wanayoijua mwisho wake. Chagueni viti vya mwisho wa safu karibu na njia. Kama anatumia vikinga masikio, avivae kabla ya kuingia ukumbini na kuvivua akiona hana haja navyo, kwa sababu kuvivaa baada ya kelele kuanza huwa ni kuchelewa. Viti vya kukunja vinaweza kujikunja mtoto mwepesi akiwa amekaa na kumtisha, kwa hiyo mkalisheni huku mmeshikilia kiti mara ya kwanza.

Kubalianeni ishara ya kutoka, ya mkono au kadi, na iheshimiwe inapotumika mara ya kwanza bila kubembelezana "dakika tano tu." Mtu anayeamini kuwa ataruhusiwa kutoka hukaa muda mrefu zaidi. Mkiondoka baada ya dakika 20, mmetazama dakika 20 za sinema, na safari ijayo haitakuwa ya kwanza. Semeni pia mapema nini kitafuata filamu ikiisha, maana kuondoka mahali panapopendeza ni kugumu kuliko kuingia.

Baada ya onyesho

Maoni yakusanywe kwa maswali mawili matatu ya kujibiwa kwa kuonyesha picha au kwa neno moja: sauti ilikuwaje, taa zilikuwaje, utarudi? Mahudhurio ya mwanzo huwa madogo, kwa kuwa familia zilizoumizwa na kumbi nyingine hungoja kusikia kwa wenzao. Pangeni siku na saa moja isiyobadilika kila mwezi na muidumishe kwa muda wa kutosha kabla ya kuamua kuwa watu hawataki. Mwendesha mitambo aandike alama ya sauti, kiwango cha taa na jina la orodha iliyotumika katika karatasi inayobandikwa kwenye chumba cha projekta, ili zamu inayofuata ya siku hiyo irudishe ukumbi katika hali yake ya kawaida, na mwezi ujao, hata akiwa zamu mtu mwingine, wageni wakute ukumbi uleule waliouzoea.